Bakuli la Magadi Bomani

Kijenge, Arusha
Mwezi wa kumi, 1912

Kwa kaka yangu mpenzi Lerionka,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba ile homa uliyoitaja imekuachia. Huku nyumbani tunapumua. Yeyo anakusalimu, baba mdogo anakusalimu, na Simaloi, ambaye ananiuliza habari zako kila tukikutana mtoni kisha anajifanya hakuuliza, naye anakusalimu. Mvua za vuli bado. Nimefurahi kusikia kwamba kwenye kazi ya reli hapo Moshi sasa mnapewa chakula kinacholiwa.

Uliniuliza kwa nini nimekaa kimya muda mrefu hivi, na uliniuliza habari za ng'ombe wa mahari yangu, ambao wewe nawe unawategemea ili umwoe Simaloi. Nitakujibu yote mawili. Lakini niache kwanza nikueleze yaliyompata yeyo, mama yetu, maana nikianza na ng'ombe hutanielewa.

Unalikumbuka ziwa dogo la magadi, lile la upande wa mawio wa mlima, tulikokuwa tukienda na yeyo tukiwa wadogo. Unakumbuka alivyotufundisha kulingojea. Masika yakiisha maji ni mengi na hakuna cha kuokota. Kisha jua la kiangazi linayanywa kidogo kidogo, na kadiri yanavyopungua ndivyo yanavyolemewa na magadi yaliyomo, mpaka yanashindwa kuyabeba. Hapo ukingo unaanza kuwa mweupe. Ile baridi ya Julai ndiyo inayoyatoa hasa: unakuta sindano nyembamba zimeota juu ya jani lililoangukia majini, au juu ya unyoya wa ndege heroe, kila moja imenyooka na pembe zake kama imechongwa. Penye upepo zinaota haraka na kubaki unga. Penye utulivu, kwenye mashimo ya mawe, zinakua polepole mpaka zinakuwa vijiwe virefu kama kidole, vinavyopitisha mwanga. Wewe ulichokoa shimo moja kwa fimbo, maji yakavurugika, na yeyo akakufinya sikio mpaka ukalia. Alisema kitu kile hakihitaji mkono wa mtu, kinahitaji kuachwa tu.

Sasa sikiliza. Mwaka juzi Mdachi mmoja alipewa na serikali ardhi yote inayozunguka ziwa. Akaizungushia waya wa miiba. Akasimika mbao majini, magadi yakashika kwenye mbao zile kama yanavyoshika kitu chochote, naye akaanza kutangaza kwamba yeye ndiye anayeyatengeneza. Watu wakambandika jina la Bwana Mbao. Wanawake wakakatazwa kukanyaga pale. Wanawake, kaka, ambao bibi zao walichota magadi ya kulainishia maharage na ya kulambisha ng'ombe kabla babu yake Bwana Mbao hajasikia kwamba kuna mlima unaoitwa Meru!

Yeyo hakukubali. Mwezi wa saba alichukua mfuko wake wa ngozi, akapita chini ya waya, akaenda ng'ambo ya pili ambako hakuna hata ubao mmoja, akaokota kama alivyookota siku zote. Walinzi wakamkamata. Wakamfunga kamba mikononi na kumtembeza mpaka bomani Arusha, mama mtu mzima, mbele ya watu waliokuwa wakimwamkia sokoni. Mimi nilipata habari kwa wachuuzi, nikakimbia na kumkuta amekwisha kuingizwa ndani ya kuta zile ambazo marehemu baba alibebeshwa mawe yake bila ujira. Niliomba niingie nimpe maziwa. Askari alikunywa maziwa yangu nikimwangalia.

Shauri likasomwa mbele ya bwana shauri, akifasiri mkalimani mmoja mtu wa pwani, jina lake Shomari. Huyu simlaumu, alifasiri kwa haki. Bwana Mbao alisema kwamba ziwa lilikuwa tope la bure mpaka alipoleta maarifa yake, na kwamba magadi ni mali iliyotoka mikononi mwake, sawasawa na kiti kinavyotoka kwa seremala. Akaleta na shahidi, mwenzetu, mtu mweusi. Shahidi huyo alisimama akaapa kwamba kabla ya mbao za Mdachi hakuwahi kuona magadi pale.

Yeyo alicheka. Nakuapia alicheka, mle mle ndani. Akamwambia Shomari, "Mwambie bwana wako apeleke mtu akalete maji ya ziwa. Ayaweke hapa juani, ndani ya bakuli, bila ubao wala Mdachi. Kisha anioneshe nani ameyatengeneza magadi."

Bwana shauri alipendezwa na jambo hilo, sijui kwa nini. Labda alichoka na kesi za mbuzi. Akatuma askari na nyumbu wa mizigo, maji yakaletwa katika kibuyu, yakamiminwa ndani ya bakuli jeupe la udongo na kuwekwa juu ya ukuta mfupi uani, na askari akapewa kazi ya kuyalinda yasiguswe. Yeyo akarudishwa kifungoni kungoja.

Nilikuwa nikienda pale kila asubuhi. Wengine nao wakaanza kuja, wachuuzi kutoka mjini, wanawake waliopeleka kuni, hata askari wenyewe. Maji yalishuka. Pakatokea mstari mweupe kuzunguka bakuli, kisha utando mwembamba juu kama ule wa maziwa yaliyopoa. Unyasi uliokuwa umepeperushwa na upepo ukaangukia mle, na siku moja tukaukuta umevaa sindano pande zote, zinametameta, kubwa kuliko nilivyotegemea. Shomari alisema kwao pwani vitu kama hivyo vinaitwa fuwele. Watu walipiga vigelegele, kaka. Nikajua yeyo anatoka siku ile.

Aliletwa. Bwana shauri akainama juu ya bakuli na kioo chake cha kukuzia, akakaa hivyo muda mrefu, akatabasamu, akasema ni kazi nzuri ajabu ya maumbile. Alikiri kwa kinywa chake kwamba magadi yanaota yenyewe! Shomari alifasiri neno kwa neno, na Bwana Mbao akawa mwekundu shingoni.

Halafu bwana shauri akatoa hukumu. Alisema haidhuru yanaotaje. Ardhi ni ya Mdachi kwa karatasi ya serikali, maji yamo ndani ya ardhi, na magadi yamo ndani ya maji, basi yeyo ni mwizi. Akamfunga mwezi mzima wa kufagia ua wa boma. Kwa nini basi alitungojesha? Kwa nini alimwacha mama akae ndani siku zote zile, nasi tukitazama tumaini likikua juu ya unyasi, kama jibu alikuwa nalo tangu asubuhi ya kwanza? Na kabla hatujatoka alilichukua bakuli lile kwa mikono miwili, kwa uangalifu, akaenda kulifanya pambo la meza yake, dirishani. Yeyo alifagia mbele ya dirisha lile mwezi mzima.

Sasa yuko nyumbani. Miguu imemvimba kidogo na kikohozi hakijamwachia, lakini anakula na ana kelele zake zile zile.

Nimefika mahali ambapo nimekuwa nikipaogopa. Shahidi yule nimekwepa kumtaja, maana nilitaka usome kwanza aliyoyafanya kabla hujajua ni nani. Ni Loishiye. Loishiye mchumba wangu, aliyeleta ng'ombe nyumbani kwetu, aliyekula nyama mkononi mwa yeyo. Bwana Mbao alikuwa amemfanya nyapara wake, nasi hatukujua.

Alikuja baada ya kesi. Alisema wazazi wake wanalima ndani ya ule waya, na aliambiwa watafukuzwa wote asiposema. Akaniuliza, "Ningefanya nini, Namelok?" Nilimjibu kwamba angeweza kuja kutuambia mapema, tukalia pamoja. Angeweza hata kunyamaza. Yeye aliapa, akimtazama yeyo usoni. Nilimhurumia, kaka, sikufichi, na usiku ule sikulala. Lakini siwezi kumpikia mtu yule.

Basi ng'ombe nimewarudisha. Wote, na ndama aliyezaliwa kwetu. Baba mdogo alinikaripia mbele ya wazee, akasema nimekuvunjia nyumba yako kabla hujaijenga, na hilo sikuweza kulipinga kwa sababu ni kweli. Yeyo alikataa kuniamulia. Nilikwenda kwa Simaloi mwenyewe nikamweleza. Alilia, kisha akasema atakungoja, ila nisikwambie kwamba alilia. Mimi nimekwambia. Ukinikasirikia una haki, na sitakuomba uache. Ningepewa nafasi ya kuchagua tena, ningewarudisha tena.

Kuna jambo la mwisho. Kabla mvua hazijayayeyusha magadi yaliyobaki, wanawake wa huku tumekubaliana kwenda ziwani mchana, sote kwa pamoja, na mifuko yetu. Hatutapita chini ya waya. Nalepo, jirani yetu, ameazima shoka la mumewe. Nimemsihi yeyo abaki nyumbani, akanijibu kwamba njia ninaikumbuka vibaya na atatangulia yeye. Ukisikia tumefungwa, usije kutuombea msamaha kwa mtu yeyote. Njoo ukamue mbuzi, maana baba mdogo hajui.

Nifikishie salamu kwa wenzako wote wa kambini, na kwa yule mama anayewapikia. Jifunike vizuri, ulale salama. Huku tunakutaja kila jioni.

Mimi mdogo wako nikupendaye,
Namelok