Moshi wa Geesje

Antwerp, 3 Oktoba 1978

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Natumaini kifua kimetulia na miguu haivimbi tena. Mimi ni mzima, na kazi ipo.

Najua umeshtuka kuuona mwandiko wangu. Tangu tumzike Mama imepita miaka miwili na nusu, na yale niliyokuambia siku ile, watu wakiwa wameshika vikombe vya kahawa, sijayasahau. Sidhani kama wewe umeyasahau.

Shangazi Froukje ameniandikia. Anasema daktari amekupa amri: sigara au mapafu, chagua kimoja. Anasema pia kwamba umechagua mapafu, lakini yeye haamini. Nami sijui niamini nini. Wanafunzi wako walikuita Dohani kwa miaka thelathini, na ulikuwa ukilifurahia jina hilo.

Nina ombi moja. Ile picha ya Mama uliyoichora kabla sijazaliwa, iliyoko juu ya kabati la vyombo: mara ya mwisho nilipoiona ilikuwa na rangi ya chai. Nitumie niisafishe. Hiyo ndiyo kazi yangu, na sijui njia nyingine ya kuanza kuzungumza nawe.

Binti yako,
Mechteld


Haarlem, 14 Oktoba 1978

Mwanangu Mechteld,

Salamu zako zimenifikia, nami nazirudisha mara mbili. Hali yangu ni ya mtu anayepanda ngazi kwa awamu: vidato vitano, kupumzika, vidato vitano tena. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu kifua hunikatia maneno, na kwenye karatasi hakiwezi. Basi tuandikiane.

Picha inakuja. Mwana wa jirani yetu Terpstra ana lori la maua, na Jumatano anapeleka mzigo Antwerp. Nimeifunga kwa blanketi la Mama yako.

Mwambie Froukje aamini. Leo ni siku ya kumi na tatu. Tumbaku nimeitupa mferejini, mabata wakaikataa. Nimefua mapazia, nimesugua kuta kwa sabuni, nimetoa zulia nje. Arosto, ile kiu ya sigara, ikinishika meno huwasha, hapo nafanya hivi: nakaa, nafumba macho, naanza kufundisha historia ya uchoraji kama zamani darasani. Naanza na wale watakatifu wa kale, waliobandikwa kwenye dhahabu kama stempu, hakuna hata upenyo wa kuvuta pumzi kati yao. Halafu yule wa Florence anayewapa ardhi ya kusimama na uzito wa miili. Halafu wenzenu wa Flandria na mafuta yao ya kitani. Halafu Mwitaliano anayeyeyusha kingo za uso mpaka hujui shavu linaishia wapi. Wao wenyewe njia hiyo wameipa jina linalotokana na moshi. Hapo huwa nalaani na kuruka haraka. Hapa kwetu Haarlem naruka tena, maana nusu ya wachoraji wetu walichora walevi wenye viko. Nikifika kwa Wafaransa waliotoka na rangi zao nje kwenye jua, kiu imepita. Karne sita kwa dakika saba.

Kwa kuwa hunicheki usoni, nikuambie na jambo jingine. Nyumba imesafishwa, madirisha wazi, lakini tangu juma lililopita nasikia harufu ya sigara sebuleni, karibu na meza yangu. Si ya zamani iliyolala kwenye kuta. Ni mbichi. Inakuja, inakaa, inaondoka. Jana nilijikuta nikiita jina la Mama yako, "Geesje?"

Wewe usinijibu hilo.

Baba yako


Antwerp, 29 Oktoba 1978

Baba mpendwa,

Hujambo? Umefika siku ya ngapi? Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Picha ilifika salama. Blanketi bado lina harufu ya sabuni yake, nikalikumbatia kama mtoto, mwenzangu wa kazini, Godelieve, akajifanya hanioni.

Naisafisha kwa pamba iliyoloweshwa mate. Usicheke, mate ndiyo dawa yetu bora. Kila kipande cha pamba kinatoka na rangi ya kahawia, kama kimechovywa kwenye chai. Ni wewe huyo, Baba. Miaka thelathini yako naitupa kwenye ndoo. Lakini chini yake! Ukuta wa jikoni ni wa buluu, mimi nilikua nikijua ni wa kijani. Shingo ya Mama ina mwanga wa dirishani kama wa asubuhi ya leo.

Sasa swali. Ule mkono wa kulia, uliofunikwa na kitambaa cheupe mezani. Nilipokuwa mdogo nilikuuliza kwa nini Mama anaficha mkono, ukaniambia alikuwa ameungua kwa sufuria. Nimeuweka chini ya taa ya zambarau. Kitambaa kimeonekana cheusi tii, peke yake katika picha nzima. Maana yake ni rangi iliyoongezwa baadaye, picha ilipokwisha kukauka, juu ya kitu kingine. Imekaa kijuujuu. Naweza kuitoa kwa siku moja.

Sijaigusa. Chini yake kuna nini?

Binti yako,
Mechteld


Antwerp, 27 Novemba 1978

Baba,

Salamu. Karibu mwezi mzima umepita. Shangazi anasema uko hai, unakula supu ya njegere, na unamfokea kwa sababu ya chumvi. Basi si ugonjwa unaokuzuia kuandika. Ni mkono ule.

Kila asubuhi nafunua picha, nakitazama kitambaa, naifunika tena. Mama ananitazama kama mtu aliyekatizwa katikati ya sentensi. Godelieve amesema niikabidhi kwa fundi mwingine, kwa sababu nimeanza kuzungumza nayo.

Nijibu, hata kama ni kunifokea.

Mechteld


Haarlem, 6 Desemba 1978

Mwanangu,

Salamu, na unisamehe. Nimeandika barua hii mara sita.

Chini ya kitambaa kuna sigara.

Mama yako alivuta tangu majira ya baridi ya njaa mpaka alipolazwa. Wewe hukujua kwa sababu yeye hakutaka ujue. Kwenye vita, mwaka ule Wajerumani walipofunga njia za chakula, tulikula vitunguu vya maua ya tulipu, tukachoma milango ya vyumbani tupate moto. Siku moja nilitoka kutafuta mkate nikarudi na sigara nne, ndizo nilizopata. Nikamwambia, "Vuta, Geesje, inaua njaa." Alikohoa, akacheka, akavuta. Miaka minne baadaye, tukiwa tumeshiba, nilimchora nayo mkononi, maana ndivyo alivyokuwa, na nilimpenda hivyo hivyo.

Ulipoanza kutambaa akaniambia, "Lieuwe, niondolee hiyo sigara mkononi. Sitaki mtoto akue anaiangalia." Nikachora kitambaa. Tangu hapo alivuta chumba cha juu, dirisha wazi, akatafuna karafuu kabla ya kushuka. Mimi nilivuta chini kwa watu wawili, ili harufu yangu ifunike yake. Ndiyo kazi niliyopewa, nikaifanya vizuri.

Wewe ulisema moshi wangu ndio uliomuua. Ningeweza kukujibu siku ile ile, mbele ya vikombe vyote vile. Nilikuwa nimemwahidi. Lakini usinifanye mtakatifu. Ile ya kwanza nilimwashia mimi. Ulikosea njia, ila ulifika palepale.

Sasa amerudi. Juma hili harufu imekuwa kali, siku ile barua yako ya mwisho ilipokuja karibu nianguke. Nasikia pia kikohozi juu, kile chake cha kuziba mdomo kwa leso. Nasimama chini ya ngazi, siwezi kupanda haraka, na nikifika hakuna kitu. Nusu yangu inaogopa. Nusu nyingine inaweka vikombe viwili mezani.

Siku ya sitini na sita. Kitambaa, fanya utakavyo.

Baba yako


Antwerp, 19 Desemba 1978

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima ambayo sikukupa siku ya mazishi. Naomba radhi. Nimeandika maneno hayo mawili nikayatazama, yanaonekana madogo mno, lakini sina makubwa kuliko hayo.

Nimekitoa kitambaa. Nilikaa uwanjani nyuma ya karakana kwa saa nzima kabla ya kuanza, kisha nikaingia nikakimaliza siku hiyo hiyo. Sigara iko kati ya vidole viwili, ina majivu marefu yanayotaka kuanguka. Lakini si hilo nililotaka kukuambia. Ni mdomo wake. Maisha yangu yote nimedhani Mama kwenye picha ana huzuni, midomo imebanwa hivi, nikaamini ulimwoa mwanamke mwenye huzuni. Baba, amebana moshi! Amejizuia asikucheke. Sekunde moja zaidi angeupuliza wote usoni pako.

Kwa nini hamkuniambia? Namkasirikia, kisha nakumbuka zile karafuu, mfuko wa aproni uliojaa karafuu, nami nikidhani ni za keki.

Harufu hiyo usiifuate juu ya ngazi. Utaanguka. Mwambie Terpstra alale kwako siku mbili tatu. Wafu hawavuti, Baba.

Nitaileta picha barafu ikipungua.

Binti yako,
Mechteld


Haarlem, 6 Januari 1979

Mechteld, mwanangu,

Heri ya mwaka mpya. Theluji imefika madirishani, treni zimelala, na posta imeleta barua yako ya kabla ya Krismasi juzi tu.

Niliposubiri barua yako nilifanya ujinga, nikuambie mwenyewe kabla ya Froukje. Harufu ilikuwa imefifia. Siku tano bila kitu, hata kikohozi hakuna. Kikohozi kumbe kilikuwa upepo kwenye bati la dirisha la juu, Terpstra amelipigilia msumari. Nikaingiwa na hofu ambayo sikuitegemea: nikipona, Geesje ataondoka moja kwa moja. Nikamtuma mwana wa Terpstra pakiti ya sigara. Nikapanda, nikakaa kwenye kiti chake, nikawasha. Mafunda mawili. Nilikohoa mpaka nikapiga magoti. Nilingoja, Mechteld, kwa muda wa saa mbili, mchana kweupe, sigara imezimika yenyewe kwenye kisahani. Hakuja mtu. Kilikuwa chumba tu, na mzee wa miaka sitini na tisa.

Pakiti ameichukua Terpstra. Nimeanza kuhesabu upya.

Juzi basi, barua yako ikaanguka mlangoni kwenye kizingiti. Nikainama kuiokota. Nilikuwa sijaifungua bado.

Ilikuwa ndiyo harufu ile ile. Mbichi.

Nilikaa palepale kwenye baridi. Kisha nikaenda kwenye meza yangu, nikatoa barua zako nyingine kwenye droo, nikazinusa moja moja kama mbwa. Ya Oktoba mwanzoni. Ya Oktoba mwishoni. Ya Novemba, hiyo ndiyo kali kuliko zote. Miaka hamsini pua yangu ilikuwa imekufa, imefufuka nikaipa kazi ya kumtafuta mama yako.

Sikugombezi. Mimi nina mdomo gani wa kukugombeza? Nataka kujua tu: tangu lini, na ngapi kwa siku. Na Novemba kulikuwa na nini?

Baba yako


Antwerp, 11 Januari 1979

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Tangu nikiwa na miaka kumi na saba. Siku hizi ishirini, siku mbaya thelathini. Naandika barua zako uwanjani kwa sababu ndani kuna vimiminika vinavyoshika moto. Karatasi naiweka gotini, sigara mkono wa kushoto. Siku ile nilipokutukana mbele ya watu, nilikuwa nimetoka kuvuta nyuma ya ua wa makaburi. Mikono nilikuwa nimeinawa.

Mama alijua. Nadhani alijua. Mara moja aliniwekea karafuu mfukoni mwa koti bila neno, nikazitupa nikidhani zimeanguka humo kwa bahati mbaya.

Kuhusu Novemba: mwezi huo nilianza kukohoa, nikavuta zaidi kwa hofu, na kikohozi hakijaisha. Mwanzoni nilisema ni vimiminika, halafu baridi. Wiki ya kwanza ya Januari pamba niliyokohoa nayo ilitoka na damu. Kidogo. Nimepigwa picha ya kifua, na majibu ni Alhamisi tarehe kumi na nane, saa nne asubuhi. Godelieve hajui. Shangazi hajui. Nimejaribu kuacha mara tatu juma hili. Safari ndefu kuliko zote ilidumu kwa muda wa saa kumi na tisa. Nilijaribu watakatifu wako wa dhahabu, nikakwama Florence.

Sikutaka kukuandikia hili. Ulikuwa unaendelea vizuri.

Binti yako


Haarlem, Jumatatu 15 Januari 1979

Mwanangu,

Sina salamu ndefu leo. Reli ya kusini imefunguliwa jana. Nachukua treni ya Jumatano saa tatu asubuhi, nabadilisha Rotterdam. Terpstra atanipeleka stesheni na kunipandisha ndani. Anasema nimerukwa na akili, nimemwambia abebe sanduku na aache maneno. Usije kunipokea, barabara zinateleza. Huenda nikafika mlangoni kwako kabla ya barua hii.

Alhamisi usiende peke yako. Hospitali zote nazijua, zina benchi refu la mbao na mlango unaofunguka kila mtu akidhani ni zamu yake. Tutakaa. Ukitaka kutoka nje kuvuta, tutatoka wote wawili, nami nitakushikia koti. Ukiweza kukaa, tutakaa. Wakiita jina lako nitasimama, unipe muda kidogo tu, halafu tutaingia.

Baba yako