Mgeni wa Tokelau na Pasipoti Yake

Dada Nekesa,

Mvua imeshafika Bungoma? Huku Dubai joto linakausha mate, nami tangu asubuhi namwonea wivu mgeni mmoja.

Kwenye hoteli ninayolinda hapa Al Barsha kuna mzee kutoka Tokelau, visiwa vitatu vidogo katikati ya Pasifiki. Uwanja wa ndege hawana, ni meli tu. Wako chini ya Nyuzilandi. Walishapiga kura mara mbili wajitawale, kura hazikutosha, na hakuna aliyechomewa nyumba kama kule kwetu! Uongozi huzunguka, mwaka huu kisiwa hiki, mwaka ujao kile. Samaki wakivuliwa hugawiwa kila nyumba, hata ya mjane.

Mimi, kama mjinga, nikampa pole kwa kukosa nchi yake. Akacheka, akachomoa pasipoti ya Nyuzilandi mfukoni mwa shati, akajipepea nayo.

"Nikichoka na joto hili, kesho naenda nyumbani. Na wewe?"

Yangu si unajua imefungiwa kabatini kwa kafeel, yule mdhamini aliyenileta kazini? Nikamjibu, "Inshallah," nikamfungulia mlango.

Msalimie mama sana. Akiuliza nakuja lini, usimpe hiyo inshallah. Mwambie nimenenepa.

Kaka yako akupendaye,
Wafula