Punda Anayekula Matandiko Yake

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usinicheke, maana habari yenyewe ni ya punda. Naitwa Bernadina, mama Martina, niko Kharumwa, mume wangu ni Kalisti, na tuna punda jike mwenye mimba ambaye ndiye anatubebea maji na mavuno. Banda lake lina sakafu ya saruji, akatokwa na vidonda magotini kwa kulalia ugumu, nikamwonea huruma nikamtandikia majani makavu ya mpunga, kesho yake nikakuta sakafu tupu, ameyala yote, nikaweka magunia akayatafuna nayo, na kila siku nikawa najiuliza, huyu mnyama jioni nampa pumba anashiba, sasa kwa nini anakula kitanda? Ndipo nikapata wazo baya. Nilitwanga pilipili kichaa, nikachanganya na maji, nikanyunyizia majani mengine, nikijua atanusa aache, lakini alikula, midomo ikavimba, siku nzima hakugusa chakula. Kalisti alipoona akasema punda amewekewa sumu, na kwa sababu wiki hiyo jirani yetu Nasibu, fundi seremala, alilalamika kwamba punda amemlia mchicha, Kalisti alimfuata kisimani akamwita muuaji mbele ya watu. Mimi nilikuwepo, nimeshika ndoo, nikanyamaza. Nasibu alinitazama, akasema tu, "Mama Martina, mkokoteni wa punda huyu nimeutengeneza mimi." Punda amepona, lakini nyumba zetu mbili hazisalimiani, na bado sijui nimtandikie nini. Nifanyeje?

Bernadina, pole kwa hofu uliyopata. Umesema ukweli, ila umeuleta kwa mtu asiyehusika.

Nianze na punda, maana swali lako ni zuri. Punda hali mara moja akatosheka kama mbwa. Tumbo lake linataka majani kidogo kidogo kutwa nzima, na pumba hazifanyi kazi hiyo. Nimekulia Samuye kwenye boma lenye punda wanne, na mmoja alitafuna mkeka wa bibi hadi ukabaki ukingo. Mwekee nyasi kavu za kutosha na maji, kisha mtandikie maranda, yale mapana yanayotoka kwenye randa ya seremala, yafunike sakafu vizuri. Vumbi la msumeno liache, litamkohoza, na maranda ya mbao zilizopakwa dawa usiyaingize bandani. Zoa yaliyolowa kila asubuhi. Ataonja kidogo, kisha ataacha. Akiendelea kuyala, au ukiona nusu siku imepita hajatoa mavi, mwite bwana mifugo. Pilipili irudi kwenye mboga.

Sasa wewe. Ulisimama na ndoo yako ukaacha mtu asiye na kosa aitwe muuaji. Hilo halitaisha kwa kukaa kimya, na usisubiri punda azae. Mweleze Kalisti leo, mkiwa wawili. Atafoka, mwache afoke. Kisha nendeni kwa Nasibu pamoja, na kwa kuwa alitukanwa kisimani, aombwe radhi kisimani. Maranda msimwombe siku hiyo, nunueni kwa fundi mwingine.

Na Nasibu akikuuliza kwa nini ulinyamaza, mwambie uliogopa. Usitafute sababu nyingine.