Kitenzi Kilichokaribia Kunirudisha Korogwe

Wadi Kabir, Maskati

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na Mama, na kwamba goti lako limepoa kiasi cha kukufikisha kanisani bila kugombana na kila mwenye baiskeli. Mimi sijambo. Nilikuwa nimekonda kwa hofu, lakini sasa nakula. Najua unanisoma ukiwa na kalamu nyekundu mkononi. Nakuomba uiweke chini kwanza, maana habari yenyewe ni ya sarufi, na kosa kubwa nimeshalisahihisha mbele ya watu.

Kabla ya yote, mwambie Mama kuwa makumbusho ninayofanyia kazi si ya ndege wenye manyoya. Ameniuliza tunawalisha nini. Ni jengo la mabati katika mtaa wa Ghala, katikati ya gereji, na ndani yake mna eropleni moja kuukuu isiyo na injini, viti vya rubani, na picha nyingi ukutani. Mwenyewe ni mfanyabiashara wa vipuri vya magari. Tunamwita Arbab, kama wafanyakazi wa huku wanavyomwita mwajiri. Alizaliwa Unguja akaletwa huku angali mtoto, na nyumbani kwake wanazungumza Kiswahili mpaka leo. Ndiyo maana aliniajiri mimi: niwasikilize wazee kwa Kiswahili, halafu niandike vibao vya maelezo kwa Kiingereza, na mtu mwingine avigeuze kwa Kiarabu.

Basi, katika picha hizo imo moja ya eropleni ya zamani kwenye uwanja wa vumbi, na mbele yake wamesimama rubani wa Kizungu na vijana wawili. Wote wawili ni marehemu sasa. Mmoja alikuwa mume wa Bi Salma, shangazi yake Arbab. Wa pili alikuwa baba yake Bwana Humud, na Bwana Humud ni kaka wa mke wa Arbab. Kila ukoo unasema mtu wake ndiye aliyeruka kwanza katika mji huu. Wamegombea jambo hili tangu zamani, harusini na matangani, lakini lilikuwa gomvi la mdomo tu. Arbab alipofungua makumbusho likawa gomvi la kibao.

Siku aliyonikabidhi kazi hiyo, Arbab alikuwa anakunywa kahawa huku akifurahi.

"Agnesi, hata makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani yamenuniana miaka kwa jambo hili hili," akaniambia. "Nani karuka mwanzo. Sasa na sisi tuna gomvi letu. Tumekuwa makumbusho kamili."

"Na kibao kitasema nani, Arbab?"

Furaha ikamtoka. "Nikimwandika mume wa shangazi, nyumbani silishwi. Nikimwandika baba mkwe, shangazi atanisomea dua mbaya. Andika wewe. Wewe huku huna shemeji."

Halafu akasema, kwa upole ulionitisha zaidi, kuwa kibali changu cha kuishi kinakaribia kwisha, na kwamba upande mmoja ukiondoka umekasirika siku ya ufunguzi, hataona sababu ya kunihangaikia kingine.

Nilikwenda kwa Bi Salma, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, nikiwa na redio ya kurekodi kaseti. Alinipokea vizuri mno, akanilisha halua mpaka kalamu ikaninata vidoleni. Nilipomuuliza juu ya picha, alijibu bila kusita:

"Siku ile ya eropleni, marehemu ndiye wa mwanzo kuruka, mwanangu. Nnakwambia. Mwenziwe kaogopa, katetemeka, hakuruka. Andika hivyo hivyo."

Kwa Bwana Humud nilipata maneno yale yale yaliyogeuzwa: baba yake ndiye aliyeruka, na mwenzake alikimbia. Baba, nilifanya ulivyonifundisha, nikapima ushahidi. Bi Salma alikuwa na mume aliyemsimulia mwenyewe, tena alieleza mpaka kutetemeka kwa mwenzake. Bwana Humud alikuwa na sauti kubwa tu. Nikaandika kibao kwa Kiingereza kuwa mume wa Bi Salma ndiye mtu wa kwanza wa mji huu kupaa angani kwa eropleni, kikafasiriwa kwa Kiarabu, kikachapishwa.

Ninakaa chumba kimoja na Wambui, Mkenya anayefanya kazi saluni. Nilimsomea.

"Na huyo mwingine akikasirika?"

"Ushahidi uko wazi."

"Sawa. Basi nianze kutafuta mtu wa kulipa nusu ya hiki chumba," akasema, na kurudi kwenye rangi ya kucha zake.

Arbab aliwaita wazee wote wawili waone kibao kabla ya ufunguzi, ili wakasirike mapema. Bwana Humud alikisoma kwa Kiarabu, akaanza kuvimba. Bi Salma hasomi, akaniambia nimsomee. Nikamtafsiria kwa Kiswahili safi, kwa sauti niliyodhani ni ya ushindi wake: mume wake alipaa angani.

Bi Salma akanitazama kama mtu aliyeona chumvi kwenye chai.

"Nani kapaa?"

"Marehemu, Bibi."

"Marehemu kapaa wapi? Mume wangu hajapanda mbinguni ila siku aliyokufa. Nimekwambia karuka."

"Ndiyo, Bibi. Aliruka. Na eropleni."

"Karuka kutoka kwenye eropleni, we mtoto! Mzungu kawapandisha wakae wapigwe picha. Mara kaitia moto injini, eropleni inakwenda. Mume wangu mtu wa akili, karuka chini, kaumia nyonga. Huyu baba yake Humud kaogopa kuruka, kang'ang'ania kiti, ndio eropleni ikamchukua ikenda naye huko majabalini. Karudi hana kofia, kajitapikia."

Baba, nilitamani sakafu ya Ghala inimeze. Kumbe miaka yote hiyo koo mbili zimenuniana kwa kitenzi kimoja. Bi Salma akisema "kuruka" anamaanisha anavyoruka mbuzi. Ukoo wa Bwana Humud unasikia anavyoruka kunguru. Na mimi, binti wa mwalimu wa Kiswahili, sikuuliza ni kuruka kupi.

Tukamgeukia Bwana Humud. Arbab alikuwa ameshika kilemba chake kama anayezuia upepo. Bwana Humud akafikiri sana, halafu akaniuliza mimi:

"Kwa maneno yake yeye mwenyewe, baba yangu kapaa au hakupaa?"

"Alipaa, Bwana."

"Khalas, yamekwisha. Ya kofia hayaandikwi."

"Yataandikwa," Bi Salma akasema. "Mwoga hatangulizwi mbele ya mume wangu katika nyumba ya mtoto wa kaka yangu."

"Aliyekimbia ndiye shujaa?"

"Aliyekimbia kajua pa kwenda. Baba yako kajua?"

Wakaendelea hivyo mpaka kahawa ikapoa. Nikasema kwamba naweza kuandika upya kwa Kiingereza, mmoja aliruka chini na mmoja alipaa juu. Wote wawili wakanikatalia kwa pamoja, mara ya kwanza kukubaliana. Bi Salma akanigonga bega kwa fimbo yake, si kwa nguvu.

"Mimi nimekupa neno zima, wewe umelichinja. Andika nilivyosema. Usinitafsirie."

Basi kibao kimeandikwa kwa Kiswahili peke yake: "Vijana wawili wa mji huu walioruka siku ya eropleni ya kwanza." Bwana Humud alikisoma akasema ni kweli tupu. Bi Salma alisomewa akasema ni kweli tupu.

Ilibaki siku ya ufunguzi. Wageni walikuja wa kila namna, koo zote mbili zimesimama ukutani zikinukia udi, na bwana mmoja wa Kiingereza, mpenzi wa eropleni, akauliza kibao kile kinasema nini. Arbab akamtazama shangazi, akamtazama shemeji, akasema, "Karani wangu atakueleza," kisha akarudi nyuma.

Nikamwambia kwa Kiingereza, "Vijana hawa wawili, siku ile..." na kitenzi hakikuja. Nikainua mkono, nikaupeleka juu, nikaushusha. Mwingereza akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Ukoo wa Bwana Humud ukapiga makofi. Bi Salma akasema, "Hasa. Hivyo hivyo karuka."

Kesho yake asubuhi Arbab alichukua pasipoti yangu akaenda mwenyewe kunitafutia kibali kipya, na kimetoka. Ameniwekea sharti moja tu: nisijifunze kutafsiri vizuri zaidi ya hapo.

Mfikishie Mama salamu za binti asiyelisha ndege. Wape pia kaka fundi baiskeli na mkewe, shangazi kiongozi wa kwaya, na jirani yetu wa mashine ya kusaga, ambaye nasikia bado ananiombea. Asiache.

Mwanao anayekuheshimu,
Agnesi