Mstari wa mama

Damalie, shika simu yako usome. Ritah wetu amelia hadi sauti imekauka.

Wiki hii nzima amekuwa Paya, akisaidia kwa shamba la mzee Ofumbi, lile ambalo watu wa Busia wanachangia pesa halafu wanaletewa kapu la mboga kila Ijumaa.

Jumatatu mzee alimwonyesha mstari wa mgagani pale mwisho, karibu na ua. Akasema, "Hii ni ya mama." Hayo tu. Ni ya mama.

Ritah akajua ni Mama Bwire, yule mteja wa Busia anayependa mgagani kuliko nyama. Leo asubuhi akaung'oa wote na mizizi yake, maganda ya mbegu yakiwa bado mabichi. Akaufunga vizuri kwa kamba ya mgomba, akaupakia kapuni, tena anafurahi kwamba hakusahau.

Damalie, mama ni mke wake. Mama Jonan, tuliyemzika mwezi wa sita. Aliupanda kwa mkono wake wiki ileile aliyougua, na mzee alikuwa anangoja mbegu zikauke apande tena. Hana nyingine.

Mchana mzee akaja, akakuta udongo mtupu. Hakugomba. Afadhali angegomba. Aliuliza tu, "Imefika Busia?"

Ritah akasema imefika.

Mzee akamwambia, "Basi pigia yule mama simu. Mwambie akipika aweke maziwa. Mama alikuwa anaweka maziwa."