Kipungani Bila Kushuka

Shee, ndugu yangu,

Ile keria uliyonichomelea nyuma ya baiskeli bado imeshika. Unakumbuka nilivyokucheka siku ile? Nilikuambia baiskeli ya milimani haifungwi keria, watu wa kwetu Nanyuki wakiniona watadhani nasambaza mkate. Ukanijibu bila kuinua kichwa, "Mwalimu, kwani kisiwani hapa Amu milima i wapi?" Ukaendelea na kazi yako.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelificha tangu siku uliyozikwa. Wewe ndiwe uliyestahili kuambiwa kwanza. Samahani, mamako amekutangulia kulisikia.

Kibanda chako cha Langoni sasa kinauza vifuniko vya simu. Kijana aliyekichukua ni mpole, ila ameng'oa ule msumari uliokuwa ukitundikia tyubu zilizozibwa, na mimi nikipita pale huangalia ukutani kama mjinga. Fundi wa baiskeli katika mtaa ambao ukikutana na punda lazima mmoja wenu arudi nyuma! Ni wewe tu ungeweza kuishi kwa kazi hiyo.

Jumamosi zetu ndizo zinazoniumiza zaidi. Tulitoka nyuma ya mji, tukapita mashambani, tukaingia vichakani, tukipunguza upepo wa tairi kwenye mchanga na kuujaza tena mbele. Mimi nilidhani ni mchezo. Mwezi wa tatu wa Jumamosi hizo ndipo uliponieleza. Bi Esha, mamako, alikuwa ameanguka kwenye pikipiki akavunjika kifundo cha mkono, akaapa hapandi tena. Punda alimuumiza mgongo. Mashua nayo, maji yakitoka mkondoni, hukaa matopeni hadi bahari ipende. Wewe ulitaka njia ya ardhi ngumu, ya kumpakia mamako kwenye keria kutoka Kipungani hadi kwako Langoni, asishuke mchangani hata mara moja. "Kama bibi harusi," ulisema, na machozi yakakulengalenga, ukasingizia vumbi.

Ukanifundisha namna yako ya kutafuta. Punda aliyebeba mawe hakanyagi mchanga mwororo mara mbili, kwa hiyo palipo na mavi mengi ya punda ndipo palipo pagumu. Kila nilipotoa simu nitazame ramani ulinikaripia. "Fuata mavi, Mwalimu! Simu yako haijabeba mawe hata siku moja."

Pale kwenye kisima kikavu, njia inapogawanyika, tulisimama Jumamosi ya mwisho. Kulia ramani ilionyesha mstari ulionyooka. Kushoto ni kuzunguka kwenye miiba, lakini mavi yalijaa huko. Ukasema, "Kushoto. Wiki ijayo tutaimaliza." Wiki ijayo haikukukuta.

Ulianguka asubuhi ya Jumatano na pampu mkononi. Wazee wakapanga uzikwe baada ya sala ya alasiri. Maji yalikuwa yametoka, hakuna mashua ya kufika Kipungani. Watu wa kule walimletea mamako pikipiki mlangoni. Akajaribu, Shee. Akashika bega la dereva, akaliachia, akakaa chini. Kisha akasema kwenye simu, "Nileteeni Mwalimu."

Mimi! Nilipiga pedali kama mwendawazimu. Nikafika kisimani, jua la utosini, nikatoa simu. Nilijua ulichosema. Niliyaona mavi kwa macho yangu, upande wa kushoto. Lakini ule mstari ulionekana mfupi, na mimi ni mtu wa bara, nimesoma, nina haraka. Nikaenda kulia.

Mchanga ulimeza magurudumu. Nilisukuma, nikabeba baiskeli begani, nikapotea, nikalia kwa sauti peke yangu huko. Nilipofika Kipungani, Bi Esha alikuwa ameketi kizingitini, buibui mwilini, kifurushi mapajani. Tulirudi kwa njia yako, mamako akishuka kila nilipoikosa, lakini muda ulikuwa umekwisha. Tulipoingia Langoni wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, miguu ina vumbi. Mamako aliingia chumbani kwako, akaushika mto wako, akaunusa.

Kila aliyeniuliza nilimwambia ni mchanga. Nani hapa asiyeujua mchanga? Hakuna aliyeuliza zaidi. Mamako mwenyewe alinishika mkono akanishukuru kwa taabu niliyoipata. Akanishukuru! Wiki ile ile nikaandika barua ya kuomba uhamisho nirudi bara.

Nikawa namtembelea kila Alhamisi, na sukari na majani ya chai, kama mtu anayelipa faini. Mwezi uliopita uhamisho ukakubaliwa. Nikaenda kumuaga, lakini nilipotaja kuhama, badala ya kwaheri yakatoka mengine yote: kisima, simu, kulia na kushoto. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka. Vidole havikusimama. Alisuka mpaka nikaona heri angenipiga.

Mwishowe akasema, "Nimekasirika, Mwalimu. Sikwambii urongo, nimekasirika sana." Nikainamisha kichwa. Akavuta ukindu mwingine kutoka kwenye fungu. "Umenikosesha uso wa mwanangu. Sasa usinikoseshe na wako."

 Nililia pale mkekani kwake, mimi mwalimu mzima.

Jumamosi iliyofuata akaniambia anataka kwenda Langoni. Nikafunga mto kwenye keria, ule ule wako, akakaa upande, mkono mmoja umeshika shati langu. Nikafuata mavi ya punda, Shee. Miiba ilinichana miguu, lakini chini pagumu mwendo wote.  Tulipofika kwenye kisima kikavu akanigonga mgongoni.

"Ni hapa?"

"Ndipo hapa, Mama."

 Nilisikia pumzi zake. "Basi pita," akasema.

Nikapita. Tumefika hadi mlangoni pa nyumba yako bila kushuka, hata mara moja. Njia yako ipo, ndugu yangu. Ilikuwepo siku zote, nami nilionyeshwa. Watoto wa jirani walitoka kushangaa bibi mzima juu ya baiskeli, naye akawafokea wampishe.

Barua ya uhamisho nimeirudisha ofisini. Mwalimu mkuu amenitazama kama aliyepigwa na jua.

Sasa nakuacha upumzike. Mimi sijui dua zenu vizuri, lakini kila nikipita nje ya ukuta wa makaburi nakuombea kwa maneno yangu, naamini Mungu hayakatai. Nisamehe kama utaweza. Nakuahidi hivi: kila Alhamisi, muda wote magoti haya yatakapokubali, nitaishika ndia yako, kama mnavyosema hapa Amu, kushoto pale kisimani, na simu itabaki mfukoni. Sitashuka popote ila mlangoni kwa mamako, anione uso.

Rafiki yako,
Mwalimu