Vidole Viwili vya Weupe

Mama,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo, kisha nikatulia kidogo kungoja marahaba yako, kwa mazoea tu. Hukuwa mtu wa kukawia kuitikia. Basi nitaendelea hivyo hivyo, uniwie radhi.

Arobaini yako imesomwa juzi. Watu wa Msambweni walikuja, na wale wa upande wa marehemu baba walitoka Kombani mapema, wakafika hata maji ya chai hayajachemka. Mama mdogo Riziki alisimamia pilau peke yake, hakuacha mtu aguse mwiko. Unamjua mdogo wako. Mbuzi wako amewachukua yeye. Paa la jikoni bado linavuja palepale, na fundi wa makuti bado anaahidi. Hotelini Diani nimeomba ruhusa mpaka Jumapili, mashuka yao watanyoosha wengine. Nimekaa ukumbini kwenye mkeka wako. Tukihesabu kama tulivyokuwa tukihesabu, leo ni Ijumaa ya tatu.

Mkobani mwangu nimekuta paketi ya kanta, ile rangi ya nywele. Niliinunua kwa ajili yako kabla hujaondoka, ikabaki humo na risiti yake. Nimeiweka mbele yangu ninapoandika, na ndiyo iliyonitia kalamu mkononi. Miaka minne nilikupaka kichwani rangi nyeusi ambayo hukuitaka. Nataka kukuomba msamaha, ila mpaka juzi sikujua hasa naomba msamaha wa kosa lipi. Nisikilize mpaka mwisho.

Kichwa chako kilianza kuwa cheupe nikiwa darasa la saba, na wala hukujali. Wenzako walipaka hina wakatoka na vichwa vyekundu, wewe ukasema hina ni ya mikono na miguu. Uliamini kwamba mvi za Muislamu ni nuru yake Siku ya Kiyama, basi ya nini kuifunika. Ukitoka kuoga ulikuwa ukizianika uani, zimejaa mgongo mzima, na mimi nikiona fahari na haya kwa pamoja. Haya, kwa sababu mimi mwenyewe nilianza kujipaka nilipofika miaka thelathini na tano. Pale kazini karibu sote tunapaka. Wale wa mapokezi wanaogopa kurudishwa nyuma wasionekane na wageni. Sisi wa dobi tuko nyuma tayari, hatuonwi na mtu ila mashuka, na bado tunapaka. Ulinicheka sana kwa hilo. "Unamficha nani, pasi?" Nilinuna siku nzima, nawe ukanitengea wali wa nazi bila kuomba radhi.

Halafu yakaja yale ya kutisha. Kazini tulikuwa tukisimuliana habari za vikongwe wanaoandamwa vijijini. Mtu anaitwa mchawi kwa sababu ana kichwa cheupe na macho mekundu, mara nyumba imetiwa moto, na waliotia moto ni vijana aliowabeba mgongoni. Nilisikiliza huku nakiona kichwa chako. Wiki hiyohiyo nikaja nyumbani, na pale njiapanda yule muuza samaki akaniambia kwa kicheko, "Mamako siku hizi kichwa pamba tupu. Na mtoto wa jirani yenu bado hapati nafuu." Maneno hayo mawili aliyasema kwa pumzi moja. Sikumuuliza ana maana gani. Nilikwenda moja kwa moja dukani nikanunua kanta.

Ulikataa. Ulisema weusi mtupu masheikh wameukataza, na kwamba hutasimama mbele ya Mola wako na kichwa cha uongo. Nikakulilia kama mtoto. Nikakwambia Diani silali, kila simu ikilia nadhani ni habari yako. Uliswali Alasiri, kisha ukaleta kigoda mwenyewe, ukajitanda leso kuukuu mabegani, ukakaa mbele ya kiti changu ukinipa mgongo. "Haya, nipake, upate usingizi." Ndivyo ulivyosema, na usiku ule kweli nililala.

Kanta haikai, mvi huchungulia upesi, kwa hiyo tukapatana kila Ijumaa ya tatu, mbili tukiziruka. Sikukosa. Nilikuwa nikikoroga ule unga kwenye kibakuli cha bati, nakupaka kwa mswaki wa zamani, utosini kwanza, kisha pembeni, mwisho kisogoni. Nikifika kisogoni ulikuwa ukigeuka ukalaza shavu juu ya goti langu. Ulikuwa ukilalamika kuwa inawasha, kisha unasema endelea. Na tulipokuwa tukingoja rangi ishike, tulizungumza. Hapo ndipo uliponieleza jinsi ulivyomkataa baba mara mbili kabla ya kumkubali. Hapo ndipo nilipokueleza kwa nini niliachika, jambo ambalo sikumwambia mtu. Tukitazamana usoni hatukuwahi kuyasema hayo. Mimi nikiwa nyuma yako na mikono imejaa rangi, yalitoka yenyewe.

Nami nilijiona mlinzi wako. Kila nilipomaliza nilikuwa nikikushikia kioo, nakwambia umekuwa msichana, hakuna atakayekusema. Wewe ulikuwa ukijitazama kidogo tu, kisha unanitazama mimi ndani ya kioo. Nilidhani unakagua kazi yangu.

Msimu wa wageni ulipoingia, hoteli ikajaa. Mapumziko yakapunguzwa, na yale machache yaliyobaki nikawapa wenzangu waliokuwa na watoto wadogo, nikajiona mwema. Ijumaa ya tatu ya kwanza ikapita. Ikapita ya pili, ikapita na nyingine, na nyingine. Nilikuwa nikikupigia simu nakuomba ujifunge mtandio vizuri ukitoka. "Kazi kwanza, Siti. Nywele hazina haraka." Nilishukuru sana kwa jibu hilo. Nikarudi kwenye pasi yangu.

Presha ilikuchukua mchana, umekaa jikoni unachambua mchicha. Nilipofika ulikuwa umekwisha lazwa chumbani na watu wamekwisha jaa uani.

Asubuhi tulikuosha wanne: Mama mdogo, waoshaji wawili wa mtaani, na mimi. Mimi nikapewa kichwa kwa kuwa ni mwanao. Maji yalikuwa ya majani ya mkunazi. Nilifumua nywele zako, nikamwaga maji, nikazipitishia vidole taratibu kama nilivyoelekezwa, na hapo ndipo nilipoona. Kutoka kwenye ngozi ulikuwa weupe, weupe wako ule wa uani, vidole viwili kamili. Kisha mstari. Kisha weusi wangu mpaka ncha. Sijui kwa nini, niliviweka vidole vyangu viwili hapo nikapima. Mstari ule ulikuwa ni siku niliyokuja mara ya mwisho. Yeyote aliyekuwa mle chumbani aliweza kuusoma, kwamba Siti alikuja mpaka hapa, toka hapo hakuja tena.

Mwoshaji mmoja alinishika mkono, akaurudisha kwenye kazi. Nikakusuka misuko mitatu, nikailaza nyuma yako, weupe juu na weusi chini. Ndivyo tulivyokuvisha sanda, Mama, na ndivyo ulivyokwenda. Nilikuahidi hakuna atakayeona mvi zako, na mimi ndiye niliyeziacha zionekane. Na nilikuwa nimekufunikia nuru yako, na wewe hukutaka ifunikwe. Nilikuwa nimekukosea huku na huku. Nimekwenda na mzigo huo siku arobaini, kula sili, nanyoosha shuka moja mara tatu.

Juzi, watu walipokwisha ondoka, nilimwaga yote mbele ya Mama mdogo. Alikuwa akisugua sufuria ya pilau, na hakuacha kusugua. Aliniambia hukuwa na adui hapa. Yule mtoto wa jirani ndiye uliyekuwa ukimpelekea uji kila asubuhi, na mamake ndiye aliyekuita ukamkande kifua. Muuza samaki alikuwa akikutania kama anavyomtania kila mtu, na ya mtoto alinipa kama habari tu, kwa kuwa mimi ni mtu wa nyumbani. Huko kwingine hofu yangu ilikuwa na haki yake, akasema, watu wanauawa kweli. Lakini si hapa, na si wewe. Na wewe ulilijua hilo tangu wiki ileile, maana ulikwenda mwenyewe njiapanda kumuuliza yule bwana, akacheka mpaka akaangusha kisu.

Nikamuuliza, basi kwa nini ulikubali nikupake miaka minne. Hapo ndipo alipoacha kusugua. Alisema alikuuliza swali hilohilo siku moja mkianua nguo, nawe ukamjibu, "Kabla ya rangi alikuwa akija Idi kwa Idi."

Mama.

Nimelala na maneno hayo siku mbili. Nimejaribu kuhesabu nilikuja mara ngapi kabla ya rangi, na kweli, ni Idi kwa Idi, tena Idi ndogo nyingine sikuja. Ukakubali kichwa ulichokiita cha uongo, ukaswali nacho, ukawashwa nacho, ili mimi nikae nyuma yako mpaka rangi ishike. Naona uchungu usio na pa kuuweka. Naona na hasira pia, sitakuficha. Ungeniita tu. Ungesema, Siti, njoo, nimekukumbuka, ningekuja mbio. Kisha najirudi, maana najua nisingekuja. Ningesema kazi. Ulinijua kuliko ninavyojijua, ukajua kwamba mimi huja kwa hofu upesi kuliko ninavyokuja kwa mapenzi. Hilo ndilo kosa ninalokuomba unisamehe. Rangi ni jambo dogo.

Asubuhi hii Mama mdogo amekuja na kigoda chako, hakubisha hata hodi. Amekaa mbele ya kiti changu, akajitanda ile leso yako yenye madoa, akavua mtandio. Naye kichwa chake kimeanza, pembeni zaidi. Alisema kanta hataki, hina hataki, anataka mafuta ya nazi tu na nisimharakishe. Nikampaka. Utosini kwanza, kisha pembeni. Nilipofika kisogoni aligeuka akalaza shavu gotini pangu, vilevile kama wewe, na tukalia sote wawili bila kusema tunalia nini. Kisha akaanza kunieleza habari zako mlipokuwa wasichana, na zingine hukuniambia katu. Ulikuwa mtundu, Mama. Kumbe uliwahi kukata nywele zake akiwa amelala.

Paketi nitaitupa chooni nikimaliza barua hii. Mimi mwenyewe nilijipaka mkesha wa siku uliyoondoka, na tangu nilipokuosha sijajipaka tena. Msichana mmoja wa mapokezi aliniletea rangi yake, akidhani nimeishiwa, nilimshukuru nikamrudishia. Wenzangu wa dobi wananiangalia kichwani kisha wanaangalia pembeni, kama watu walioona nguo imechanika mahali pabaya. Waangalie. Wanaotaka kupaka wapake, sitawahubiria, kila mmoja anajua anachokiogopa. Leo nimejitazama katika kioo chako na nikajipima. Kidole kimoja. Kimeanza siku uliyoondoka, hakina nywele hata moja uliyoijua, na kitazidi kukua mpaka kichwa chote kiwe cha baada yako. Hilo linaniuma kuliko mvi zenyewe, lakini sitalifunika.

Nakuahidi jambo moja tu, kwa kuwa mengi nitayavunja. Ijumaa ya tatu nitakuwa hapa, nyuma ya mdogo wako, msimu ujae au usijae. Naye akija kuniambia kwenye simu kwamba nywele hazina haraka, nitafunga mkoba wangu siku hiyohiyo.

Mwenyezi Mungu akupe nuru yako yote, na ile niliyoipaka akurudishie. Na kama huko unaweza kunitazama ndani ya kioo kama ulivyokuwa ukinitazama, nitazame, Mama. Safari hii najua hukagui kazi.

Mwanao wa kila Ijumaa ya tatu,
Siti